Jifungie Kwanza, Kujifungua Baadaye

Nesi ameniomba niseme nanyi wakati mnasubiri kupimwa, akaongeza kwamba niseme kwa upole nisije nikawatisha. Kusema nitasema. Upole sikumwahidi. Mama zangu mlionitangulia, shikamooni. Wadogo zangu mliojibanza huko nyuma, habari za asubuhi. Mimi naitwa Zuhura, na nimewahi kukaa kwenye mabenchi haya na tumbo langu kama nyinyi.

Kwetu ni Kondoa, milimani. Baba analima, mama anauza vitunguu sokoni, na mimi ndiye wa kwanza katika ukoo kukaa kwenye kiti cha kuzunguka. Nilisoma uchumi, nikapata kazi katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Ofisi gani, msiniulize, maana zinafanana. Mume wangu, Hamisi, ni mwalimu wa sekondari kule Gulwe, anakuja mwisho wa wiki. Mimi nilipanga vyumba viwili Ihumwa. Nilikuwa na afya, hata mafua yalikuwa yananipita, na kazi yangu niliipenda. Hilo nalisema mapema kwa sababu wapo wanaosikia habari hii wakadhani nilikuwa mvivu mwenye kutafuta kisingizio.

Kazini waliniita jembe. "Mpeni Zuhura, huyo ni jembe." Nilikuwa nafurahi, nacheka mpaka jino la mwisho. Siku hizi nikisikia mtu anaitwa jembe namwonea huruma. Jembe linalimiwa mpaka linakuwa kipande, halafu linatupwa nyuma ya nyumba, na hakuna anayelipa pole.

Mimba ilichelewa. Tulikaa kwenye ndoa miaka, ndugu wa Hamisi wakaanza kuniangalia tumboni kila tukienda Idi. Nilipopima nikakuta tayari, nilimpigia simu akiwa darasani. Akatoka nje, akasujudu palepale uwanjani, na wanafunzi wakimtazama dirishani. Nawaambia hivyo mjue tulimtaka mtoto yule kiasi gani.

Sasa kuna neno moja la ofisini kwetu. Msimu wa bajeti ukifika, wataalamu wanachukuliwa pamoja na kompyuta zao, wanawekwa kwenye ukumbi wa hoteli, wanaandika kitabu cha bajeti na majibu ya hoja za wabunge. Mnakula humo, mnalala humo, hamtoki mpaka kitabu kiishe. Tunaita kujifungia. "Fulani yuko wapi?" "Amejifungia." Ukichaguliwa kujifungia ujue unaaminika. Na mimi nilichaguliwa, mimba ikiwa imeingia mwezi wa saba.

Wiki ya kabla yake nilikuja kliniki hapa. Nesi akanipima presha, akarudia. Akaniambia, "Mama, imepanda. Si sana, lakini nataka upumzike, na wiki ijayo uje tukupime tena, pamoja na mkojo."

Nikaenda kwa mkuu wetu wa kitengo. Ni mwanamke mtu mzima, sisi tunamwita Madamu. Nikamwamkia, nikamweleza alivyosema nesi. Akanishika bega, tena kwa upendo kabisa, akasema, "Mwanangu, mimba si ugonjwa. Mimi wangu watatu wote nimewazaa natokea ofisini. Wewe jifungie kwanza, kujifungua baadaye."

Ofisi nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, maana utani wenyewe ulikuwa mtamu. Herufi moja tu, dada zangu, na mimi nikaingia nayo ukumbini na begi langu.

Kule ukumbini tulikuwa tunakaa tangu asubuhi mpaka usingizi utushinde. Majedwali yakirudi kutoka juu na masahihisho, tunaanza upya. Simu zinaita, mtu anataka takwimu sasa hivi, mwingine anataka aya ibadilishwe, wa tatu anataka irudishwe ilivyokuwa. Miguu yangu ikaanza kuvimba. Viatu vikakataa, nikavaa kandambili. Pete ya ndoa ikabana mpaka nikaitoa kwa sabuni. Kisha uso ukajaa, mashavu yakang'aa, macho yakawa madogo.

Mnajua walisemaje? Walinisifu. "Zuhura, mimba imekukubali! Umenawiri." Wakaja na simu zao kunipiga picha. Nilipolalamika miguu, mmoja akasema ni maji ya Dodoma, yana chumvi, hata wao yanawavimbisha. Tukakubaliana hivyo, watu wenye digrii zetu, kwamba ni maji.

Kisha kichwa. Si kile cha kunywa panadoli ukalala. Hiki kilikaa mbele, juu ya macho, kinagonga. Nikadhani ni mwanga wa kompyuta. Likaja na tumbo, hapa juu upande wa kulia, chini ya mbavu, maumivu ya kukufanya ukunje uso. Nikadhani ni vidonda vya tumbo kwa sababu ya kula ovyo, nikawa natafuna dawa za kiungulia. Siku ya kliniki ilipofika niliomba ruhusa. Madamu akasema, "Leo tunakabidhi rasimu, Zuhura. Kesho nitakupa gari langu mwenyewe likupeleke." Simsingizii, naamini gari angelitoa.

Kesho yake haikufika. Alasiri ile nilikuwa nasoma jedwali, tarakimu zikaanza kurukaruka kama kumbikumbi kwenye taa. Nikamwambia Neema, mwenzangu wa meza moja, "Sioni vizuri." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ninayoyakumbuka.

Yaliyofuata alinisimulia Neema. Anasema nilikakamaa, nikaanguka na kiti, nikatupatupa mikono na miguu, ulimi nikauuma mpaka damu, mkojo ukanitoka mbele za watu. Povu likanitoka mdomoni. Na watu wakarudi nyuma. Mmoja akasema, "Msimguse, hilo povu linaambukiza." Mnaijua imani hiyo, ipo hata majumbani kwenu. Wachumi, watakwimu, wanasheria, wote wamejipanga ukutani wakiniangalia nikijipiga sakafuni na mtoto tumboni. Madamu akasema, "Jamani, kumbe ana kifafa na hakutuambia?"

Neema peke yake ndiye aliyepiga magoti. Alinigeuza ubavu, akanifuta na mtandio wake, akawaambia wale wanaume, "Mkimaliza kuogopa mnisaidie kumbeba." Mtandio ule hakuutupa, aliufua, na bado anauvaa. Watu wa namna hiyo ni wachache, ukimpata mmoja mshike.

Hospitali daktari hakukaa kuuliza mengi. Hamisi alifika amedandia lori, mwili mzima vumbi, na daktari akamwambia, "Hiki kinaitwa kifafa cha mimba, lakini si kifafa mnachokijua. Ni presha iliyoletwa na mimba. Haiambukizi na hakuna aliyemroga. Dawa yake ni kumtoa mtoto, na tumechelewa." Hamisi akauliza, "Utamwokoa nani?" Daktari akasema, "Naanza na mama. Nikimpoteza mama nawapoteza wote."

Walinichoma sindano ya kuzuia degedege. Wanasema ukiwa na fahamu unaisikia ikiunguza mwili mzima. Mimi sikuisikia. Wakanipasua. Nilipozinduka ulimi ulikuwa umejaa kinywa kizima, siwezi kutamka. Nikagusa tumbo, nikakuta limelala na bandeji juu yake. Nikamtazama Hamisi. Akageuza uso ukutani, mabega yakaanza kutikisika, na sikuhitaji kuambiwa.

Alikuwa wa kike. Alitoka hajalia. Hamisi alimpa jina, Rahma, akamwosha na kumkafini pamoja na shemeji yangu, wakamzika mimi nikiwa sijitambui. Sikumwona. Mama yangu alipotoka Kondoa kuja kunishika mkono alisema sura yake aliambiwa ni ya baba yake, lakini na yeye aliambiwa tu.

Kwa mila zetu nyingi, mtoto ambaye hakulia hawekewi msiba. Hakuna turubai, hakuna watu kulala matanga. Kina mama wa mtaani walikuja wakasema, "Shukuru umebaki wewe. Mungu atakupa mwingine." Walisema kwa wema. Lakini mimi sikuwa namlilia mwingine. Nilikuwa namlilia Rahma, na hapakuwa na mahali pa kukaa nimlilie.

Halafu maziwa yakaja. Hili hawalisemi, ngoja niliseme mimi. Mwili haujui kwamba mtoto amezikwa. Matiti yakajaa, yakawa mawe, yakavuja mpaka shuka. Mama alinifunga kanga kifuani, akaikaza, akawa analia mgongoni kwangu akidhani sisikii. Mshono ukatunga usaha, ukafunguliwa ukasafishwa. Presha haikushuka upesi, niliendelea na vidonge. Macho yalikuwa na ukungu. Nilikuwa nasahau majina, nikaingia jikoni nikasimama sijui nimefuata nini.

Madamu alikuja kuniona. Alileta matunda na doti ya kanga, akakaa, akatoa machozi kweli. Kisha akanipigapiga mkono, akasema, "Jipe moyo, mwanangu. Bajeti imepita, hakuna hoja yetu hata moja iliyorudi." Dada zangu, alikuwa ananiletea habari njema. Alifikiri itanipooza. Nilitafuta tusi nikalikosa, nikamwambia, "Asante, Madamu." Mpaka leo asante ile naijutia.

Afya ilirudi, kidogo kidogo, na alhamdulillah. Mama alinipeleka Kondoa, akanilisha uji na mlenda, akanizungusha vilimani kila asubuhi kama ndama. Ukungu ukatoka machoni. Presha ikakaa sawa, nikaachishwa vidonge. Daktari akaniambia naweza kubeba tena, ila siku nitakapojua nina mimba nianze kliniki siku hiyo hiyo, nimweleze nesi kila kilichonipata. Bado sijabeba. Hamisi hasemi kitu, lakini sasa ameomba uhamisho aje huku, na barua haijajibiwa.

Mlitegemea nitawaambia niliacha kazi? Sikuacha. Ushuhuda haulipi kodi ya nyumba. Nimerudi kule kule, ila nikiitwa kujifungia nasema hapana, na sababu sitoi. Wanasema nimeota pembe. Mwaka huu walitaka nikaandae hotuba, nikamwambia Madamu, "Mimi nilishajifungia, Madamu. Na nilishajifungua." Hakucheka mtu.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na Hamisi, na mama, na Neema zaidi ya wote maana hakuwa ndugu yangu. Ofisi siishukuru. Ilinitumia salamu za pole kwenye kundi la simu, chini yake kuna ratiba ya kikao.

Ushauri wangu, sikilizeni. Mimba si ugonjwa, kweli, lakini mimba inaweza kuugua, na ikiugua haisubiri kitabu cha mtu kiishe. Kichwa kisichosikia dawa, macho kuona vimulimuli, maumivu hapa chini ya mbavu, uso na mikono kujaa ghafla: ukiona hata kimoja, toka. Usiombe ruhusa, toa taarifa. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Usipojisemea wewe, hakuna atakayekuanzia. Na akianguka mwenzako akatoka povu, mguseni, jamani. Mgeuzeni ubavu, mbebeni.

Miguu kuvimba peke yake wakati mwingine si kitu, nesi atawaeleza. Lakini leo tutaitazama. Vueni viatu. Weka kidole gumba hapa, mbele ya mguu juu ya mfupa, bonyeza, hesabu kidogo, achia. Shimo likibaki, sema, usione haya.

Wewe mdogo wangu wa ushungi wa kijani, tangu nianze umekunja miguu chini ya benchi, na mkono unaupeleka kwenye paji la uso kila nikinyamaza. Kichwa kinauma tangu lini? Jana? Na simu inayoita humo kwenye mkoba ni ya kazini, sivyo? Basi iache iite. Lete mguu. Usiogope, mimi nakugusa.

Nesi, naomba uje na kipimo. Huyu asikae foleni.