Nilimficha jirani posti yangu ya gemu, nikamsahau Doto

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na sababu nitaishia kujitetea. Nilidanganya kwamba naumwa malaria ili nisiende kumzika mama wa jirani yangu, nikabaki nyumbani kucheza gemu. Ndiyo, gemu! Mtu mzima, mke wa mtu, mwenye saluni yake Mabatini!

Jirani huyo tumwite Mama Bahati. Tumepanga nyumba moja huku Buhongwa, mlango kwa mlango. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama yangu hakuweza kuja. Ni Mama Bahati aliyenikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji, akamwogesha mtoto. Mimi hayo yote niliyasahau kwa ajili ya simu.

Gemu yenyewe ni ya kupigana kwa timu. Kapteni wetu ni kijana wa Nyegezi anaitwa Kulwa, tulijuana humo humo mtandaoni. Jumamosi ile tulikuwa na fainali, nami niliisubiri kama mtoto anavyosubiri Krismasi. Ijumaa ikaja habari kwamba mama yake Mama Bahati amefariki kijijini kwao, kando ya ziwa upande wa Magu. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani wakakodi gari ili asubuhi waende naye wote kuzika.

Asubuhi nikajifunika khanga hadi kichwani, nikaanza kutetemeka. Mama Bahati akaingia kuniaga, macho yamemvimba kwa kulia.

"Wewe lala, mwenzangu," akaniambia. "Malaria siyo ya kuchezea. Uji nimekuwekea kwenye chupa."

Mfiwa ndiye aliyenipikia uji! Na mimi nikasema asante, kwa sauti ya mgonjwa.

Gari lao halijafika barabara ya lami, mimi nimeshachomeka spika masikioni. Tukashinda. Nikajipiga picha nimekenua meno yote, nikaandika: "Leo sitoki ndani, leo ni kipigo tu! Mabingwa!"

Msidhani niliposti kijingajinga. Watu wa kanisani nilikuwa nawaficha posti zangu za gemu siku zote, wasije kusema nina utoto. Siku ile nikahakikisha tena, jina kwa jina: mwenyekiti wa jumuiya asione, katibu asione, Mama Bahati asione. Nikajiona mjanja kweli. Kisha nikamtagi Kulwa, kapteni apate sifa zake.

Sikujua kwamba ukimtagi mtu, posti inawafikia na marafiki zake. Lakini hata bila kujua hilo, mimi ni Msukuma, nimezaliwa hapa hapa! Nani kwetu hajui kwamba Kulwa ni jina la pacha, na palipo na Kulwa kuna Doto wake mahali? Sikuwahi kuuliza Doto wa Kulwa yuko wapi. Kumbe ameolewa na mdogo wake Mama Bahati, na siku ile alikuwa msibani anapakua chakula.

Katibu alinisimulia baadaye, bila kuniongezea sukari. Walikuwa wametoka makaburini, na huko mwenyekiti alikuwa amewaomba waniombee nipone. Wakaniombea. Walipokaa kula, Doto akafungua simu, akaona ushindi wa kaka yake. Akataka kumsahaulisha wifi yake machungu kidogo.

"Wifi, hebu mwone huyu mama wa timu ya Kulwa anavyochekesha."

Mama Bahati akaishika simu, akaiangalia sana picha yangu. Kisha akasema, "Hiyo chupa mezani ni yangu." Akamrudishia simu yake.

Waliporudi nilikwenda kutoa pole. Chupa nilikuwa nimeiosha, nimeishika mkononi. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mkeka.

"Pole na msiba, Mama Bahati."

"Asante. Na wewe pole na homa."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka! Nikapiga magoti nikaomba msamaha, akasema amenisamehe, na namjua, si mtu wa kusema uongo. Lakini chupa hakuipokea. "Kaa nayo tu," akasema. Tangu siku ile tunasalimiana vizuri, ila mlango wake sasa anaurudishia.

Mvua zilipoanza, malaria ikanishika kweli. Mume wangu yuko safari, mtoto yuko shule, mimi siwezi hata kusimama nikachote maji. Nikamsikia Mama Bahati anafagia uwani, karibu kabisa na dirisha langu. Ningeita mara moja tu angenisikia. Jamani, nikafungua mdomo, nikaufunga. Ningemwambia nini? Kwamba naumwa malaria? Nililala pale natetemeka, safari hii bila kuigiza, hadi ufagio ukanyamaza na mlango wake ukafungwa.

Nimepona, ila aibu haijapona. Wenzangu mnaocheza, chezeni, gemu si dhambi. Wala siwafundishi namna ya kuficha posti vizuri kuliko mimi. Ila siku ukijikuta unachagua majina ya watu wasione ulichofanya, ishia hapo hapo. Weka simu chini, jifunge khanga yako, uende msibani.