Nyumba Tuliyomjengea Mama wa Mafurushi

Mwaka wenyewe siujui kwa namba. Shule niliiacha darasa la tatu, na tangu hapo miaka naihesabu kwa chungu. Ule ulikuwa mwaka wa ugali wa njano, unga wa msaada uliokwaruza koo kama mchanga. Likolo, yaani mboga yetu ya majani ya maboga, tuliila bila chumvi kwa sababu chumvi dukani haikuwepo. Sabuni haikuwepo. Kiberiti ndiyo usiseme. Kama nawe uliula ule ugali, rafiki yangu, basi sisi ni rika moja, acha kujifanya kijana.

Mwaka ule umenirudia akilini juzi tu. Mjukuu wangu wa kike ni kiongozi wa vijana wa jumuiya yetu hapa Majengo, na sikufichi, najivunia mpaka majirani wamechoka kunisikia. Wamefyatua matofali kwa mikono yao, wakamjengea nyumba mzee mmoja aliyekuwa akilala kwenye baraza za maduka. Bati, godoro, kila kitu. Siku ya tatu mzee akakunja mkeka wake, akarudi barazani.

Mjukuu akaingia kwangu amenuna, hata shikamoo yake ilikuwa na mikunjo.

"Bibi, yule mzee hana shukrani. Mpaka jiko la gesi tumempa! Wewe ni mtu mzima mwenzake, nenda ukamwambie arudi."

"Mmejenga wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Ndiko tulikopewa kiwanja."

Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika.

Mimi nililelewa na bibi, na kazi yangu moto ukizimika ilikuwa kupalia, yaani kuomba makaa kwa jirani. Nyumba iliyozimikiwa ilitafuta moshi wa jirani, na mtoto akatumwa, kigae cha chungu mkononi. Unaweka majivu chini, makaa juu, majivu tena juu yake, unatembea ukipuliza polepole huku nyayo zinakuwasha kwa vumbi la moto. Lakini hukurudi na makaa tu. Ulirudi na habari: nani kalala na homa, nani hajapika tangu jana. Bibi alisema, "Jirani ni yule anayejua kama moto wako umezimika." Nilidhani ni maneno ya kunituma tu, mvivu nilivyokuwa.

Ndipo akaja Mama wa Mafurushi. Alitoka upande wa Tunduru, mjane, Mwislamu, amebeba mafurushi matatu na tasbihi. Alilala kwenye baraza la duka moja, na alfajiri alilifagia kabla mwenyewe hajafungua. Sisi Wakatoliki watupu tulimpelekea chakula kwa zamu. Bakuli hakurudisha tupu hata siku moja. Liliporudi lilikuwa limeoshwa, na ndani mna konzi ya mchicha pori au uyoga. Bibi alikuwa akilitazama bakuli na kusema, "Huyu ana kwao."

Mvua zilipokaribia, mwalimu wa dini akasimama kanisani akasema ni aibu mvua imkute mama wa watu barazani. Bibi akakoroga togwa mitungi miwili, kwa sababu kwetu huwezi kualika watu kwenye kazi wakafanya na koo kavu. Wanaume wakakata miti na fito. Wanawake wakakanyaga udongo, wakakandika, wakiimba na kusengenya. Mimi nilichota maji mpaka shingo ikaingia mabegani. Tulijenga ng'ambo ya kijito, kwenye njia ya makaburini, maana huko ardhi haikuwa na mwenyewe. Kijumba kikasimama, kinanukia nyasi mbichi. Tulijiona malaika.

Siku ya kumkabidhi, akapewa mkeka na chungu. Kisha mwalimu wa dini akatoa zawadi kubwa, kiberiti kipya, kimejaa! Alikiinua juu kama padri ainuavyo hostia, Mungu anisamehe. Watu wakapiga vigelegele. Mwaka ule kumpa mtu kiberiti ilikuwa kama kumpa ng'ombe.

Mama wa Mafurushi akakitikisa sikioni.

"Hiki cha nini?"

"Ili usihangaike kuja kuomba moto, mama."

Akatazama kijito. Akatazama nyumba zetu kule ng'ambo. Akakiweka kiberiti juu ya kizingiti, taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Siingii. Mnipe moto, msinipe kiberiti."

Akabeba mafurushi yake, akarudi barazani.

Weee! Watu walichemka. "Mwombaji naye anachagua!" akafoka mmoja. Bibi alimfuata mpaka dukani, mikono kiunoni, nami nyuma yake.

"We mama, nimekoroga togwa mpaka mkono umevimba. Unatuaibisha mbele ya watu?"

"Togwa yako nimeinywa, wallahi tamu. Lakini niambie, dada. Nikiwa na kiberiti, nije kwenu kwa lipi? Na nyie mje kwangu kwa lipi? Nikianguka kule, nani atajua?"

Bibi yangu, aliyewahi kumnyamazisha hata mwenyekiti, akateremsha mikono kiunoni, akageuka. Tulirudi nyumbani akipiga hatua nzito.

Siku ya pili mawingu yakajaa. Bibi akanijazia kigae makaa. "Peleka kwenye kile kijumba. Usikimbie." Nilipuliza, nikapuliza. Nilipofika kijitoni yalikuwa yamekufa yote. Nikarudi nalia na majivu yangu. Bibi akachokora majivu kwa kidole.

"Kumbe," akasema. "Tumemjengea mahali ambapo moto haufiki."

Mahindi ya togwa nyingine, ya kuita watu wakihamishe kijumba, hatukuwa nayo. Akafungua kibuyu cha ulezi wa mbegu, ule wa kupanda, akautia maji uote kimea. Mimi nilijua maana yake: mwaka ule shamba letu la ulezi lingekaa na magugu. Wanaume waliposikia wakaja. Waling'oa nguzo, wakalibeba paa zima vichwani. Bado naliona, paa la nyasi linavuka kijito na miguu ishirini chini yake, na mwalimu wa dini mbele akipaza sauti, "Kushoto! Kushoto, tutamwaga nyumba ya mama!" Wakalitua nyuma ya jiko letu. Udongo wa kuta ulikuwa haujakauka mvua ilipoanza, na Mama wa Mafurushi aliingia nikimtangulia na kigae, makaa mekundu kama macho ya paka. Kile kiberiti bibi alikichomeka kwenye dari mpaka kikaota ukungu.

Halafu ikaja siku moto wetu ulizimika. "Nenda kapalie kwa Mama wa Mafurushi," bibi akasema. Nilipobisha hodi, yule mama alicheka mpaka machozi. "Leo mmenifikia!" Alinijazia kigae mpaka nikaungua vidole. Aliishi nasi miaka mingi. Na asubuhi ambayo moshi wake haukuonekana, umande ulikuwa bado majanini bibi alipokuwa tayari mlangoni kwake, amemshika mkono. Hakufa peke yake.

Leo kila mtu ana moto mfukoni. Unabonyeza, unapika, unazima. Sikatai, mapafu yangu yanashukuru. Ila mwezi jana niliugua siku tatu na hakuna aliyebisha hodi, kwani nani ana haja? Kigae cha bibi bado ninacho. Kitukuu alikiona akauliza kama ni chombo cha mbwa.

"Kwa hiyo bibi," mjukuu akaniuliza nilipomaliza, "utaenda kumwambia mzee arudi?"

"Siendi. Nyuma ya jiko langu pana nafasi ya chumba. Waite wenzako waje na matofali, togwa nitakoroga mimi. Na andika kwenye hiyo simu yako maneno ya yule mama, uwasomee kama alivyosema, usiongeze wala usipunguze."

Akaandika, midomo ikimchezacheza:

"Siingii. Mnipe moto, msinipe kiberiti."