Mzimu Uliopata Mshipa

Mgonjwa alitoka wodini mbio, dripu ikiwa bado mkononi, anapiga kelele kwamba amechomwa sindano na maiti.

Jumapili, saa tisa mchana. Jua linawaka, watu wamejaa na vyombo vya chakula kuja kuona wagonjwa wao, na huyu mama anakata mbuga kuelekea getini, gauni la wodi limefunguka mgongoni.

Mlinzi ndiye aliyemdaka. Mimi nilikuwa nyumbani nafua. Nilipigiwa simu nikaja na ndala zangu za bafuni, sijanawa hata povu.

"Wewe ndiye mkubwa wao?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi toa wafu wako humo ndani. Mimi narudi kwangu."

Nikamshika mkono nimtulize. Hapo ndipo nilipoona kitu kilichonitoa jasho jembamba.

Huyu mama wauguzi wangu walikuwa wamemtoboa mikono yote miwili wakitafuta mshipa. Hata daktari alijaribu akanyoosha mikono juu. Sasa dripu imeingia, safi, hakuna hata uvimbe. Na plasta imekunjwa ncha moja, ili siku ya kuibandua isimng'oe mgonjwa vinyweleo.

Duniani namjua mtu mmoja tu anayekunja plasta hivyo. Ndiye aliyenifundisha kazi.

Na mtu huyo, kwa habari tulizokuwa nazo, alikuwa ameshafariki.

Ngoja kwanza niwaambie mimi ni nani, tusije tukapotezana.

Nilikuwa muuguzi mkuu wa hospitali ya serikali. Bosi wa wauguzi wote. Nilipopandishwa cheo, nyumbani vigelegele viliwatoa majirani nje. Shemeji yangu alinipigia siku hiyo hiyo: "Shem, sasa wewe ni mtu mzito, usitusahau." Kabla sijashika mshahara wa kwanza, alikuwa ameshaukopa.

Ukaja huo mshahara. Nilipoiona slipu nilidhani wamenipa ya mtu mwingine.

Mshahara wa msingi ulipanda kidogo. Kodi nayo ikapanda, tena ilionekana ina haraka kuliko mimi. Lakini posho ya usiku haipo. Posho ya kuitwa kwa dharura haipo. Saa za ziada hakuna. Kilichobaki mkononi kilikuwa kidogo kuliko nilichokuwa nachukua nilipokuwa muuguzi wa kawaida wa zamu.

Nikamwendea afisa utumishi, kijana mpole, tai imemkaba shingo.

"Mama, mkuu halipwi zamu," akasema.

"Analipwa nini sasa?"

"Posho ya madaraka. Ndiyo hiyo hapo."

Nikaitazama ilivyojikunyata pale kwenye karatasi. Nikamwambia, "Mwanangu, hiki unakiita posho?" Akainama, akajifanya anatafuta kalamu.

Nyumbani hakuna aliyeniamini. Mume wangu akauliza kwa upole kama kuna mahali nimejenga bila kumwambia. We acha tu.

Ofisi ile niliirithi kwa mwanamke tuliyemwita Mama Pasi. Gauni lake lilikuwa limenyooka asubuhi mpaka jioni, hata siku ya ajali ya basi. Alistaafu, akaondoka, simu yake ikawa haipatikani. Halafu mtu mmoja akaja kazini na habari kwamba mama wa watu amefariki huko mbali kwa ndugu zake. Nani alimwambia? Hatukuuliza. Tulimwombea dakika moja kwenye kikao cha asubuhi, tukarudi kwenye kazi.

Kumbe wagonjwa walikuwa wameanza kunong'ona muda mrefu. Kuna sista mzee, wanasema. Anakuja Jumapili tu. Kavaa gauni jeupe la mtindo wa zamani, lenye mkanda. Anaongea taratibu, anakufuta jasho usoni, halafu hapatikani tena mpaka wiki nyingine. Na ukimuuliza yule muuguzi wa wodi, binti tuliyemwita Upesi, anakuwekea kidole mdomoni: "Usimtaje. Huyo alikufa hapa hapa."

Sasa mgonjwa amekimbia mpaka getini, mkurugenzi akaniita.

"Mpaka Jumatatu ijayo nataka kumjua anayegusa wagonjwa wangu," akasema, hata kiti hajanipa. "Kama ni mtu wa nje, ni polisi. Aliyemwingiza, kazi hana. Na wewe, mama, kama utakuwa hujui, itabidi unieleze kwa maandishi kwa nini hujui."

Nilikuwa karibu kustaafu. Barua moja chafu kwenye faili langu na mafao yangu yangekaa kwenye meza za watu mpaka nife kweli. Kwa hiyo nilikuwa na sababu nzuri kabisa ya kuukamata ule mzimu, na bado wiki nzima sikupata usingizi. Nilikuwa naiona ile plasta kila nikifumba macho.

Jumapili ikafika. Niliingia kwa mlango wa kufulia ili nisionekane. Wodi ilikuwa kimya, kile kimya cha watu walioshiba na kupewa dawa. Feni inazunguka. Jua limelala sakafuni.

Nikamwona kwa nyuma.

Gauni jeupe. Mkanda. Nywele zote zimekuwa nyeupe. Ameinama juu ya mgonjwa anamgeuza ubavu, mkono mmoja begani, mwingine kiunoni, vile vile alivyonionyesha mimi nikiwa mwanafunzi. Haki ya Mungu, nilitaka kukimbia kama yule mama.

Akasema bila kugeuka, "Umesimama mlangoni kama mgeni. Njoo ushike mto."

Nikaenda, nikashika mto. Mkono wake ukagusa wangu. Ulikuwa wa moto, mkavu, una harufu ya sabuni ya hospitali. Mtu kabisa.

"Mama," nikasema, "sisi tulikuombea."

"Nilisikia. Dakika moja." Akamfunika mgonjwa shuka. "Kazi yote ile, mkaniombea dakika moja!"

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja, sijui nikueleze vipi.

Tulikaa kwenye chumba cha dawa, akanieleza. Yeye na Upesi wanakaa mtaa mmoja. Jumapili Upesi anakwenda kufanya kazi hospitali binafsi inayolipa vizuri, na zamu yake ya huku anamwachia Mama Pasi kwa nusu ya anachopata kule. Habari ya mzimu aliitunga Upesi mwenyewe, ili wagonjwa wafunge midomo. Ikafanya kazi kupita kiasi.

"Lakini Mama, wewe ulikuwa mkuu! Mafao yako je?"

Akavuta sinia la dawa za saa kumi, akaanza kuzihesabu.

"Nilipokuwa wodini, posho ilikuwa kubwa kuliko mshahara wenyewe. Nyumba nimejenga kwa posho, watoto nimesomesha kwa posho. Nikajiona nimefika. Siku ya kupiga hesabu ya kustaafu wakachukua mshahara wa msingi peke yake, posho wakaziweka pembeni kama hazijawahi kuwepo. Kiinua mgongo kikalipa madeni. Pensheni yenyewe ndiyo hii, inaingia leo, kesho haipo. Na mume wangu, baba yenu, kapigwa kiharusi, na bima ilikatika siku niliyokabidhi ofisi. Jumapili ndiyo dawa zake."

Bosi wa mabosi, mwanamke aliyekuwa akipita koridoni madaktari wanachomekea mashati, anapewa kibarua na mtoto aliyemfundisha kupima joto.

"Najua umetumwa," akasema. "Ukinifukuza sitakulaumu, na wewe una uzee wako wa kulinda. Niache tu nimalize dawa za saa kumi."

Nikamwacha amalize. Nilimtazama akipita kitanda kwa kitanda, na ubaridi ukaniingia ambao mizimu yote ya dunia haijawahi kunipa. Yule aliyekuwa anatembea pale nilimwona kuwa ni mimi.

Jumatatu nikasimama mbele ya mkurugenzi.

"Umempata?"

"Nimempata. Ni mimi."

"Wewe?"

"Jumapili huwa nakuja kimya kimya kukagua wodi. Navaa gauni langu la zamani kwa sababu jipya nimeliomba mpaka nimechoka. Wagonjwa hawanijui, wakaanza kuzua. Siku ile nilikuwa nimeshaweka dripu na kurudi nyumbani, ndipo simu ya getini ikanikuta."

"Lakini yule mama alisema ni mzee sana," akasema mkurugenzi. Nikamwambia, "Na wewe unanionaje?" Akaona aibu. Akasimama, akanipa mkono, akasema viongozi wa aina yangu ni wachache. Akaongeza kwamba zamu hizo kwa bahati mbaya hawezi kunilipa, lakini niendelee na moyo huo huo.

Basi nikabeba mzigo wangu. Uongo ule ilibidi usimame, kwa hiyo kila Jumapili nikawa nakwenda, bila senti, na gauni la zamani. Upesi nilimweka kikao, nikamsema mpaka akalia, halafu nikamwambia aendelee kumlipa mama kwa wakati. Nilikaa na Mama Pasi wodini, nikiona mtu wa utawala namficha chumba cha dawa. Mgonjwa mmoja akamwambia ndugu yake kwamba mizimu imezaliana, sasa iko miwili.

Zile zilikuwa Jumapili nzuri kuliko zote za kazi yangu. Nasema kweli.

Halafu mumewe akafariki. Yeye mwenyewe hakukaa sana. Safari hii tulikwenda kumzika, nikaliona jeneza kwa macho yangu, na bado Jumapili iliyofuata nilisikia hatua zake nyuma ya pazia. Nikaita, "Mama?" Kimya. Wanafunzi wa uuguzi nao walizisikia, nikawaambia ni bomba la maji. Sijui kama ni bomba.

Kilichonitisha zaidi ni kioo cha chumba cha kubadilishia nguo. Kila nikifunga ule mkanda, namwona yeye.

Na mimi zamu yangu ikafika. Nikapewa cheti, saa ya ukutani na hotuba ndefu. Mkurugenzi akanisifia Jumapili zangu, ukumbi mzima ukapiga makofi. Shemeji alikuwa mstari wa mbele, anapiga kuliko wote.

Ujumbe wa benki ulipoingia nilikuwa peke yangu jikoni. Nilijua watahesabu mshahara wa msingi. Nilishaambiwa, kwa mdomo wa mtu aliyekuwa anazama. Mimi sikuwa na mgonjwa ndani na watoto wangu ni wakubwa, nikajipa moyo kwamba yangu yatatosha. Nikasoma ile tarakimu, nikaisoma tena, nikakaa chini sakafuni nikalia.

Zikapita wiki. Alhamisi moja jioni simu ikaita.

"Shikamoo, mama." Alikuwa Upesi.

"Marahaba, mwanangu. Wote hamjambo?"

"Hatujambo." Akanyamaza. Upesi hanyamazi, nikajua kuna neno. "Mama, naomba usinielewe vibaya. Jumapili hii una nafasi?"

Damu ilinipanda kichwani. Mimi! Niliyesaini barua yake ya kuanza kazi! Matusi yalikuwa yameshajipanga mdomoni, yanasukumana yatoke. Nilitaka kumuuliza ananiona mimi ni nani.

Badala yake nikasikia sauti yangu, ndogo, ya mtu mwingine kabisa, ikisema, "Hiyo nusu, unaweza kunipa kabla?"

Huu ni mwaka wa pili sasa nafunga ule mkanda kila Jumapili.

Wewe uliye kazini, hasa uliyepanda cheo juzi na simu za ndugu hazikatiki, nenda kesho kwa afisa utumishi. Usimuulize unachukua ngapi mwisho wa mwezi, hiyo unaijua. Muulize mshahara wako wa msingi ni upi, na siku ya kuondoka utapewa nini kutokana nao. Akikuzungusha, kaa hapo hapo mpaka akujibu. Mimi niliambiwa mapema, nikamwonea huruma aliyeniambia, na wala sikujihurumia mimi.