Mama Alipokula Asubuhi ya Upasuaji

Tuliondoka Babati kwa sababu moyo wa mama ulikuwa umechoka. Kutoka nyumbani kwetu Singe mpaka kanisani alikuwa anakaa chini mara tatu. Valvu moja haifungi, daktari alisema, na tukapata nafasi ya upasuaji Chennai, kusini mwa India, Jumatatu saa mbili asubuhi. Tungeikosa, tungesubiri wiki tano. Daktari hakuwa na hakika kwamba mama angezifikisha.

Nilimsindikiza mimi, kwa kuwa Kiingereza nimejifundisha mwenyewe kwenye simu, na kwa kuwa, niseme ukweli, sikumwamini mtu mwingine. Karatasi zake nilizipanga kwenye faili kwa tarehe. Arusha nikazikagua. Kwenye ndege nikazikagua tena, mpaka mama akasema, "Mwanangu, zitachanika hizo."

Chennai tulifika Ijumaa. Wodini nilitegemea utaratibu, nikakuta kila mtu ana wake. Sari kuukuu ilikuwa pazia la dirisha, chupa ya maji iliyokatwa ilikuwa kikombe cha miswaki, na watu nisiowajua waliniuliza nina miaka mingapi na kwa nini sijaoa. Kwenye kitanda cha jirani alilala mwanamke wa makamo aliyesubiri upasuaji Jumatatu hiyohiyo, ila yeye saa nane mchana. Aliuguzwa na mdogo wake, mwanamke mchangamfu ambaye wodi nzima ilimwita Amma, yaani mama.

Nesi alinieleza kwamba mchana waliuomba wenyewe. Kwa imani yao kila siku ina dakika tisini za mkosi, na za Jumatatu huanza saa moja na nusu asubuhi. Katika muda huo mtu haanzi jambo kubwa. Nilicheka moyoni.

Jumatatu, alfajiri. Vitanda vyote viwili vilikuwa vimetundikwa kadi nyekundu: asile, asinywe. Ya mama ilikuwa na doa la chai. Nilijaribu kutoitazama, nikashindwa. Nikaichomoa, nikashuka chini kuomba mpya. Foleni ilinichukua dakika arobaini.

Niliporudi na kadi mpya mkononi, mama alikuwa anafuta vidole. Amma alikuwa amemgawia idli mbili, vile vitumbua vyeupe vya mchele vinavyopikwa kwa mvuke, na chai ya maziwa.

"Mama, si uliambiwa?"

"Niliambiwa. Lakini mtu amekuwekea chakula mkononi, naye yuko hapo anakula. Unamwambiaje hapana?"

Nilimfokea mbele ya watu wote. Kuhusu kadi sikusema neno. Nesi akaja, akasema mama hawezi kulazwa usingizi ana chakula tumboni, kisha akamgeukia Amma kwa ukali. Amma akaonyesha kidole: kitanda cha dada yake kina kadi, cha mama hakina, kwa hiyo alijua huyu ameruhusiwa. Macho yote yakaja kwenye mkono wangu.

"Niliitoa mimi," nikasema. "Ilikuwa chafu."

Nesi alimpigia daktari. Njia ilikuwa moja: jirani, aliyefunga tangu usiku, atangulie saa mbili, na mama achukue saa nane. Lakini saa mbili ilikuwa katikati ya mkosi. Dada mtu alisikia, akageukia ukutani.

Saa moja na robo. Amma alikuwa kwenye simu na kaka yao, wakibishana. Mimi niliyecheka sikuwa na uso wa kuwaomba. Mama alinishika mkono, akasema tusiwasumbue watu.

Saa moja na dakika ishirini Amma alikata simu, akatazama saa ya ukutani na kusema maneno mengi kwa haraka. Nesi akanitafsiria, "Anasema mkosi ni wa kuanza. Dada yake akitoka mlangoni sasa hivi, atakuwa ameshaanza."

Dada mtu aligeuka kutoka ukutani. Kisha akavaa kandambili. Alipofika kwangu alisimama, akasema kitu, wodi ikacheka. "Anasema kijana aache kushika kadi za watu," nesi akaniambia. Dada mtu akavuka mlango kwa mguu wa kulia saa moja na dakika ishirini na mbili, akaketi kwenye kiti cha koridoni, na hapo akangoja mpaka walipokuja kumchukua.

Mchana walimchukua mama. Nilikaa na Amma. Alinisukumia sahani, nikakumbuka sijala tangu Jumapili, nikala. Saa mbili usiku daktari alitoka akasema wote wawili wanapumua vizuri.

Tulirudi Babati baada ya mwezi. Bado napanga karatasi kwa tarehe, siwezi kuwadanganya. Lakini nilikuwa naamini kwamba mtu anayebadilisha mambo dakika ya mwisho hayajali. Wale ndugu wawili hawakuivunja saa yao ya mkosi hata kidogo. Waliiwahi kwa dakika nane, na ndani ya dakika hizo mama yangu alipata nafasi ya kuishi.