Helikopta Iliyonipa Mutoto

Siku ya kutoa mahari, mbele ya ukoo muzima wa mchumba wangu, helikopta ya jeshi ilinipa mutoto.

Sitanii. Kaa vizuri nikuelezee.

Jina langu ni Lévi. Ilikuwa 2019, hapa hapa Goma, na nilikuwa nafanya kazi ya redio kwenye kambi ya helikopta za jeshi. Kazi yangu na mwenzangu Samy ilikuwa kuongea na marubani: nani anaruka, nani anatua, nani analala wapi.

Sasa sikia kitu kimoja. Kila helikopta ina herufi zimepigwa rangi kwenye mukia, na hizo ndizo jina lake hewani. Lakini kwenye redio husemi herufi tupu, maana redio ikikwaruza P na B ni kitu kimoja. Kila herufi ina neno lake. A ni Alfa. B ni Bravo. J ni Juliette.

P ni Papa.

Helikopta yetu kubwa ilikuwa na P na J. Basi kutwa kucha tulikuwa tunaita Papa Juliette, Papa Juliette, na hakuna hata siku moja nilikaa nikajiuliza hayo maneno yanasema nini kwa Kiswahili chetu.

Mujinga mimi.

Mchumba wangu alikuwa Kahindo, fundi wa kushona kule Himbi. Baba yake alikufa zamani, akalelewa na baba yake mudogo, papa Paulin, mufanyabiashara wa maharagi kutoka Butembo. Huyo muzee na muke wake mama Perpétue walikuwa na wasichana watano, hakuna kijana hata mumoja, na muzee alikuwa anachunguza wanaume kama mutu anayechambua maharagi yaliyooza.

Mara ya kwanza niliponyweshwa chai kwake alinihoji saa mbili. Unakunywa pombe? Ulibatizwa wapi? Uko na mutoto wa inje?

Nikaapa kwamba sina. Na kweli sikuwa naye.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwao, mtaa wa Mapendo. Sucré, yaani soda, zimefunguliwa, watu wamevaa, mazungumzo yamefika kwenye mbuzi. Nami nina motorola, ile redio ya mukononi, kiunoni. Samy alikuwa peke yake kazini, ni kweli, lakini nisiwadanganye: niliileta pia ili wakwe waone mimi ni mutu wa maana. Na sauti nilipandisha mwenyewe.

Basi ikaanza.

“Papa Juliette, Papa Juliette, unanisikia?”

Helikopta ilikuwa nyuma ya milima huko, haisikii kitu. Samy akaita mara ya pili, mara ya tatu, na sauti yake ikaanza kuingia woga. Mukono wangu ukaenda wenyewe. Miaka miwili ya kazi, mutu akiita redioni unajibu. Nikachomoa motorola nikasema, “Nasikia, ongea.”

Samy akafikiri amempata rubani.

“Papa Juliette, leo unalala Kalengera ao unarudi nyumbani?”

Nikainua macho. Watu arobaini walikuwa wananiangalia.

Ninyi munaosoma kutoka mbali, nieleze: kwetu mutu akishazaa, jina lake la ujana linawekwa kando. Baba wa Furaha ni Papa Furaha mpaka kaburini. Muzee kama papa Paulin anaweza kuitwa papa na jina lake mwenyewe kwa heshima, lakini kijana kama mimi akiitwa papa wa mutu, amezaa. Kwa hiyo watu walichoona ni hiki: mwanaume ameitwa Papa Juliette, ameitika, na ameulizwa kama leo analala kwa yule mwanamuke mwingine.

Papa Paulin akaweka glasi chini pole pole.

“Lévi. Juliette ni nani?”

“Ni herufi, papa.”

“Mutoto wako ni herufi.”

“Ndiyo, papa. Hapana, papa.”

Hapo nyumba ikawaka. Mutu mumoja nyuma akauliza kama basi mama yake anaitwa Alfabeti. Mujomba wangu, aliyekuja kunisemea, akaanza kutafuta kofia yake. Nilieleza mambo ya mukia, mambo ya rangi, mambo ya P na B, na kila nikieleza nilizidi kuonekana muongo. Papa Paulin alikuwa anapiga kelele kupita wote. Alisema mwanaume anayeficha mutoto hana haya, hana Mungu, na yeye hatakula mbuzi wa mutu wa namna hiyo.

Kahindo akanivuta inje, kando ya ukuta wa mawe ya volkano. Hakuwa na kelele, na hilo liliniumiza zaidi.

“Lévi, kama uko na mutoto, sema sasa. Mutoto nitamulea. Uongo ndio siwezi.”

Niliogopa, ndugu zangu. Nilimupenda yule musichana miaka minne, na nilikuwa namupoteza kwa sababu ya rangi kwenye mukia wa helikopta. Nikamuambia: kesho njoo na papa Paulin, muone kwa macho yenu. Kama sisemi kweli, usiniangalie tena.

Papa Paulin akakubali, ili anipate na ushahidi. Mama Perpétue naye hakulala. Alipigia simu jamaa zake wote wa Kalengera wamutafutie Juliette. Wakapata watatu. Mumoja ana miaka sabini, mwingine ni sista, wa tatu ni mbuzi.

Asubuhi nikaomba ruhusa kwa mukubwa wangu. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaruhusu. Wakaja watu watatu: papa Paulin na koti lake la misa, mama Perpétue, na Kahindo mwenye macho mekundu. Wakasimama karibu na kibanda chetu cha redio. Helikopta ikatua, upepo ukachukua kitambaa cha mama Perpétue, na injini ilipozimwa nikawapeleka mpaka kwenye mukia.

P. J. Kubwa kama mulango.

Mama Perpétue alielewa haraka. Akaniuliza M ni nani, nikasema Maiki. K? Kilo. Akaangalia tumbo la bwana yake akasema huyu basi ni Papa Kilo, akaanza kucheka. Kahindo akanishika mukono. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu jana.

Lakini papa Paulin hapana. Aliuliza nani aliamua kwamba P ni Papa, kwa nini si Paulin ao pombe. Akavaa miwani. Akatoa ukucha akaanza kukwangua ile rangi, aone kama sikuipaka usiku. Rangi haikutoka. Akasogea kwenye J, akakwangua na yenyewe.

Wakati huo Samy, ndani ya kibanda, alikuwa anaita helikopta yetu ndogo, iliyosimama pale kando tayari kuruka. Herufi zake ni P na O. Kipaza sauti kilikuwa wazi.

“Papa Oscar, Papa Oscar, unanisikia?”

Papa Paulin, ukucha ungali kwenye rangi, hakugeuka hata.

“Ndiyo, niko hapa. Oscar amefanya nini tena?”

Mungu wangu.

Mama Perpétue aliacha kucheka. Yule muzee akabaki vile vile, ameinama, kama mutu aliyeshikwa mugongo.

“Paulin,” mama Perpétue akasema, “sisi tuko na wasichana watano.”

Papa Paulin akaonyesha helikopta ndogo kwa kidole. Akasema Oscar ndiye ile pale, ni jina la redioni la jeshi, Lévi ametoka kueleza sasa hivi, muulizeni.

“Herufi haiulizwi imefanya nini tena,” mama Perpétue akajibu.

Rubani mumoja akashuka, akatuona, akarudi ndani akafunga mulango.

Oscar alikuwa na miaka tisa. Alikaa na mama yake kwenye barabara ya Rutshuru, pale muzee alipokuwa anapitia kila akienda kununua maharagi. Shule ilikuwa inamupigia muzee simu kila wiki, inamuita Papa Oscar, maana mutoto ni mutundu sana.

Mahari yangu ilimalizika wiki iliyofuata. Aliyezungumza kwa upande wao ni mama Perpétue, dakika kumi tu. Papa Paulin alikaa mwisho wa benchi na sucré yake. Siku hizi Oscar anakuja kila likizo, dada zake wanagombania kumupikia, na mama Perpétue anamuita “mutoto wangu”. Papa Paulin, yeye anaitwa “wewe” tu.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukienda kuomba musichana, acha redio nyumbani. Na kama kuna mutoto mahali, semeni mapema. Mutoto si aibu. Aibu ni kumuficha miaka tisa, halafu helikopta inaita na unaitika mwenyewe.