Risasi Alipoomba Mguu Uvunjike

Kaka yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi wa kuchomea mageti, na maisha yake yote sikumwona akikimbia hata mvua. Lakini binti yake alipowaacha wenzake wote kwenye mbio za shule, kaka aliamka kesho yake akiwa kocha. Alinunua filimbi, akampa mtoto jina la Risasi, akamuundia vyuma vya kunyanyua kwa mabaki ya mageti ya watu.

Alfajiri mtoto alikimbia, baba mtu akimfuata na baiskeli, kitabu cha jiografia kimefungwa kwenye usukani, maana masomo nayo hakuyadharau.

"Taja aina za miamba!"

"Baba, nahema!"

"Hema huku unataja!"

Akipatia, kengele ya baiskeli inalia. Mtaa mzima ulijua miamba.

Mwalimu wa darasa alilalamika kwamba mtoto anasinzia. Kaka akamjibu, "Misuli, mwalimu, hukua usingizini." Kisha mtoto akaanza kuchechemea. Daktari akasema mfupa wa muundi umechoka, apumzike kabla haujapasuka. Kaka alimsikiliza kwa adabu zote, na tulipofika nje akaniuliza, "Mdogo wangu, yule ameshinda mbio gani?"

Nilisema, wifi alisema. Tulikuwa tunampigia mbuzi gitaa.

Nyumbani kwake kulikuwa na utaratibu: kabla ya chakula cha jioni mmoja wetu anaomba, kwa zamu. Anayeomba hakatizwi, na akimaliza habishiwi, kwa kuwa hakuwa akisema na sisi. Sheria aliiweka kaka mwenyewe, na aliifaidi. "Ee Mungu, lipoze jua siku ya mashindano. Na yule binti wa shule ya jirani, sisemi aumwe, ila Wewe unajua."

Jioni ya kuamkia mashindano, zamu ikawa ya Risasi.

"Ee Mungu, asante kwa chakula. Naomba kesho mguu uvunjike kabisa. Ukiuma tu, baba haoni. Ukivunjika ataona kwenye picha ya hospitali. Na mitihani ya wiki ijayo unisaidie, najua miamba tu. Amina."

Hakuna aliyeitikia. Ombi kama lile unaliitikiaje? Chakula kilipoa.

"Mwanangu," kaka akasema mwishowe, "hilo ombi liombe upya."

"Nimeshasema Amina, baba."

Asubuhi mwalimu wa michezo akaja na gari la shule, anapiga honi.

"Fundi! Bingwa wetu yuko wapi?"

"Amelala."

"Si umwamshe!"

"Kamwamshe wewe, kama utanipita hapa mlangoni."

"Utajuta, fundi. Nafasi hairudi."

"Na mguu je, unarudi? Acha honi, mwalimu, mtoto amelala."

Siku hiyo hakufungua karakana. Alikaa mlangoni juu ya ndoo, yeye aliyekuwa na makelele kuliko mtaa mzima, akiwanyamazisha wapita njia kwa kidole. Risasi aliamka jua liko utosini, uso una alama za mto.

"Wameshakimbia?"

"Wameshakimbia."

"Nani ameshinda?"

"Sijui," alisema kaka.

Alijua. Mwalimu wa michezo alikuwa ameshampigia simu, akamwambia, na matusi juu. Uongo huo mmoja, naamini Mungu hakumwandikia.