Kuni za Kibanda cha Baba

Harufu ya gogo linalopasuliwa bado siivumilii. Juzi jirani alikuwa anapasua kuni za sherehe, nami nikafunga madirisha yote mchana wa jua kali. Mume wangu akauliza kama naumwa. Yeye sikumjibu, lakini ninyi nitawaambia.

Tuliishi Chanji, pale Sumbawanga, enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara binafsi. Baba alikuwa mtunza ghala la mahindi la ushirika mpaka walipopunguzwa kazi yeye na wenzake, na ghala likakodishwa kwa wafanyabiashara waliokuja na malori kununua mahindi. Baba hakulalamika mbele yetu. Alikata pipa nusu, akaweka wavu juu yake, akajenga kibanda cha nyama choma mtaa wa Majengo, karibu na malori yalipoegeshwa. Waliolichukua ghala lake ndio wakawa wateja wake. Aliwakatia nyama, akawawekea chumvi na pilipili pembeni, akawaita bosi.

Shida ilikuwa kuni. Uwanda wetu wa Ufipa ni nyasi tupu, upepo unapita bila kuzuiwa na kitu. Mikaratusi ilikuwepo, ila moshi wake uliipa nyama ladha ya dawa ya kikohozi. Kwa hiyo Baba alinunua magogo ya miombo kutoka porini, yakaletwa nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Ilibidi yapasuliwe na kupangwa kabla mvua hazijaanza, maana kuni mbichi hazitoi makaa, zinalia tu na kutoa povu. Tulizipanga chini ya paa, zikajaa, tukazipanga sebuleni. Wageni walikalia kuni. Mimi nililala nazo, na panya wake.

Kiangazi kimoja kibanzi kiliruka kutoka kwenye gogo kikamchoma Baba jicho la kushoto. Zahanati walimpa mafuta ya kupaka, wakamwambia aende Mbeya haraka. Akasema ataenda kuni zikishaisha kupasuliwa. Baada ya wiki chache jicho la kulia nalo likawa jekundu, likachukia mwanga. Alipofika Mbeya, daktari alimwambia kwamba jicho lililoumia limeliharibu na lile zima, na amechelewa. Alirudi kwa basi akiwa ameshikwa mkono na Mama.

Mama akachukua kazi ya kibandani. Baba alikaa uani siku kadhaa, uso ameuelekeza ukutani. Kisha asubuhi moja akaniita.

"Gaude, niletee shoka."

Mama alikuwa ameshaondoka. Tukaanza hivyo, mimi na yeye. Nilisimamisha kipande cha gogo juu ya kigogo kikubwa, nikaushika mkono wake nikauweka juu ya kuni ili ajue ilipo, halafu nikarudi nyuma.

"Umetoka?"

"Nimetoka, Baba."

Alisubiri kidogo, shoka likiwa juu, ndipo akalishusha. Mara nyingi alikosa. Lakini mara nyingine kuni ilipasuka katikati, na uso wake ulibadilika, akawa yule baba wa ghalani. Mama alipogundua aligomba, wakabishana kwa Kifipa, na Baba akasema neno moja tu kwa Kiswahili: "Niache."

Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya siku jambo lenyewe lilipotokea. Nilisimamisha kuni yenye kitako kibovu. Akauliza, nikajibu kwamba nimetoka. Kweli nilikuwa nimetoka. Ila kuni ikayumba, na mimi, bila kufikiri, nikainama kuizuia.

Shoka lilipita kando yangu, likalipigilia pindo la sketi yangu ya shule kwenye kigogo. Sikulia. Nilivuta sketi, haikutoka. Baba alipong'oa shoka alihisi kitu kimelifuata. Akapapasa, vidole vyake vikakutana na kitambaa kilichochanika.

"Gaude."

"Abee, Baba."

"Mikono yako iko wapi?"

Nikampa. Aliipapasa yote miwili, kisha magoti, kisha miguu. Akaketi chini kwenye vibanzi.

"Nenda ndani."

"Kuni hazijaisha, Baba."

"Nenda ndani, mwanangu."

Kesho yake shoka halikuwepo. Mama akalazimika kumlipa mtu wa kupasua, faida ikaliwa na kuni, na kabla mvua hazijakatika kibanda kilikuwa cha mtu mwingine. Tukahamia kijijini kwa bibi, mzaa baba. Huko Baba alikaa barazani kutwa nzima, na watu walisema amejiachia, mbona kuna vipofu wanaosuka vikapu. Nami niliamini hivyo, na nikaamini pia kwamba alinikasirikia kwa ajili ya sketi. Kila asubuhi nilipomwamkia alinyoosha mikono yote miwili, akanishika viganja, akavibonyeza taratibu mpaka nchani mwa vidole. Nilidhani vipofu wote ndivyo wanavyoitikia shikamoo. Alifariki nikiwa darasa la saba.

Mama aliniambia ukweli akiwa ameshazeeka, nami mtu mzima, tunachambua ulezi. Alisema Baba alipogusa kile kitambaa alidhani ni ngozi yangu. Yeye Mama alimwapia kwamba mtoto ni mzima, nguo tu ndiyo iliyochanika, naye Baba akaitikia, "Sawa, Mama Gaude."

"Lakini hakuniamini," Mama akasema. "Mpaka anakufa, hakuniamini."